Kupimwa Damu kwa Njaa ya Bure

Mama Moraa, hamjambo huko Nakuru? Hapa Ekerenyo mvua inanyesha kila siku saa nane, haichelewi.

Jana asubuhi, kabla ya kwenda Kisii kupimwa ule uvimbe wa shingoni, nilikataa ugali wa wimbi na mboga za shangazi. Nilidhani damu hutolewa mtu akiwa na njaa. Daktari alisema wanatafuta alama za kirusi kinacholeta saratani ya koo, na kirusi hakijali umekula nini. Majibu bado. Wiki ijayo watakata kinyama kidogo kooni ili wawe na hakika.

Kurudi, nikakuta kwaya ya kanisa uani. Shangazi alikuwa amewaambia, "Mtoto wetu amekataa ugali. Sasa ni maombi tu." Waliimba mapambio matatu nikiwa nimesimama pale pale, na viatu vina matope. Ilibidi nile sahani mbili mbele yao ndipo wakaenda kwao.

Ya tatu niliiomba mwenyewe. Nilikula polepole, nikisikiliza kila tonge linavyopita kooni. Yote yalipita.

Wasalimie watoto. Waambie baba anakula.

Wako,
Baba Moraa