Digna Hakuulizwa

Michenga,
9 Februari 2025

Mwanangu Edna,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku tunapumua. Goti langu la kushoto huniuma mvua ikikaribia, na mwaka huu inakaribia kila siku, kwa hiyo usiulize. Mpunga umeshika vizuri bondeni. Na kifua chako je? Ukiwa kwenye palizi ya miwa jifunge kitambaa puani, usione aibu.

Utashangaa kupata barua wakati kitochi changu kipo. Nikikupigia, salio linakatika katikati ya neno, tena una tabia ya kunijibu kabla sijamaliza. Barua utaisoma mpaka mwisho. Nitampa Beno kondakta akukabidhi mkononi.

Anayeandika ni binti yako Careen. Mimi kalamu siijui, nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka, hata yanayomhusu. Ameshavuta kamasi mara mbili na hata hatujafika.

Alhamisi Digna alianguka shuleni. Digna wa Raimundi na Rosa, majirani zetu wa ng'ambo ya mfereji, anayekaa dawati moja na Careen tangu darasa la kwanza. Kifafa chake unakijua. Dawa anazichukua kliniki ya Ifakara, na mwaka mzima hakuanguka, hata sisi tulishasahau. Siku hiyo mwalimu alikuwa hajaingia. Digna akasimama mbele anamwigiza mwalimu wa hesabu anavyotembea, darasa zima linacheka. Mwanao akatoa ile simu kubwa uliyomletea Krismasi, akamrekodi. Simu shuleni ni marufuku, alikuwa anaificha ndani ya sweta, mimi nafikiri mtoto ananenepa. Katikati ya mchezo Digna akaenda chini. Mwili unajitupa, povu, na sketi ikalowa. Mwanao hakushusha simu. Alirekodi mpaka mwisho, jioni akaituma video hiyo kwenye kundi la darasa lao. Nimemuuliza kwa nini. Anasema ambao hawakuwepo waliomba.

Kesho yake nilikuwa mashineni nakoboa. Nikaona wanaume wazima wameinamia simu wanacheka. Wakanionyesha, na mimi nicheke. Nikamwona Digna, nikasikia sauti ya mjukuu wangu nyuma ya picha inasema "jamani, jamani." Niliacha mchele pale nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Rosa alikuja jioni. Hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya. Alikaa kwenye kigoda, akasema Digna amejifunika kanga, shule harudi, na kliniki haendi kwa sababu kwenye bajaji watamjua. Zikiisha dawa za kwenye pakiti, basi. Edna, mtoto wa kifafa akiacha dawa mwisho wake unaujua. Hicho ndicho kinachonila, simu ni baadaye.

Careen nimemchapa fimbo mbili, ya tatu mkono ukakataa. Simu nimeifungia kwenye sanduku la bati. Nilitaka kuitupa mtoni, nikakumbuka jasho lako.

Mama yako.


Kidatu,
16 Februari 2025

Mama mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Kifua kinapungua, kitambaa najifunga, wenzangu wananiita daktari. Goti lako lipake ile dawa ya kwenye kichupa cha kijani. Usiitunze, sio mbegu.

Barua nimeisoma nikiwa nimekalia ndoo, nikairudia. Careen, wewe ndiye unayemsomea bibi. Soma yote, usiruke mstari.

Mama, kuifungia simu sikubaliani nako. Nilijinyima miezi mitano. Nilimnunulia apate kusoma mitihani iliyopita kama watoto wa huku, na wa huku wote wanazo. Kosa amefanya, sikatai. Aifute video, akaombe radhi, yaishe. Asingerekodi yeye angerekodi mwingine. Mwezi ujao watakuwa wanamcheka mtu mwingine kabisa.

Ila kuna jambo limenikaa kooni. Huyu ni rafiki yake. Kwa nini hakumshika? Anamwona anajigonga kichwa sakafuni, na yeye mikono yote miwili iko kwenye simu. Mimi sikuzaa mtoto wa hivyo, wala wewe hukumlea hivyo. Muulize.

Mwanao,
Edna.


Michenga,
9 Machi 2025

Mwanangu Edna,

Marahaba. Tuko wima. Maji yamefika kwenye mgomba wa mwisho, yakisogea tena nitalala na vyura. Dawa ya kichupa nimepaka, inanuka kama trekta.

Nimemuuliza. Alinigeuzia mgongo, nikadhani kiburi. Nikamuuliza tena nikiwa na mwiko mkononi. Akasema, "Bibi, ulinikataza nisimguse."

Andika, Careen. Usiniangalie, andika.

Nikakumbuka. Alikuwa na miaka sita, tulikuwa mnadani, Nickolaus fundi baiskeli akaanguka mbele yetu. Mtoto huyu alimkimbilia. Mimi nikamvuta mkono mpaka akalia, nikamwambia povu lile likikurukia na wewe unalo, mtu wa hivyo usimguse hata akiwa ndugu yako. Mama yangu aliniambia hivyo Mahenge, na mimi nilikuambia hivyo wewe, usijifanye hukumbuki. Mtoto alikuwa na miguu ya kukimbilia mtu, mimi nikamfundisha kusimama mbali. Wewe ukampa kitu cha kushika akiwa amesimama. Ndivyo nilivyoona, nisamehe kama nimekosea.

Basi nilimfuata Rosa, nikamwambia twende sote tumpeleke Digna kliniki. Digna alikataa katakata. Nikamfunga kanga yangu kichwani mpaka machoni, nikamwambia, leo wewe ndiye bibi na mimi ndiye mgonjwa, nishike mkono. Akacheka kidogo. Kwenye bajaji nililia kwa sauti juu ya goti langu njia nzima, watu wakaniangalia mimi. Careen alikaa mbele na dereva, hakugeuka.

Muuguzi wa pale ametusomea somo. Kifafa hakiambukizi, Edna. Povu ni mate tu. Mtu akianguka unamwekea nguo laini chini ya kichwa, unamgeuza ubavu ili asipaliwe, humtii kijiko mdomoni, unakaa naye mpaka arudi. Nilimuuliza mara tatu kama ana uhakika. Nina miaka sabini na moja, na maisha yangu yote nimekuwa nawakimbia watu.

Kuhusu simu. Nimeitoa kwenye sanduku, maana naona sanduku halimfundishi mtu. Inakaa mezani. Inashikwa Jumamosi na Jumapili mchana, mimi nikiwa pembeni. Kabla hajabonyeza ananieleza ni nini na ni cha kazi gani. Vingi anashindwa kueleza, anaviacha mwenyewe. Ile mitihani yako anaisoma kwa sauti, sielewi hata moja, lakini nasikia akibabaisha. Na nimeweka sheria moja: kabla hujampiga mtu picha, muulize. Kama hawezi kujibu, basi amekataa.

Kufuta ameshafuta. Lakini nimezunguka naye kila nyumba yenye mtoto wa darasa lao, tunasimama mlangoni mpaka na wao wafute, mimi naona vidole tu vinabonyeza, yeye anaangalia kama kweli imetoka. Na mashineni pia. Mmoja akaniambia, bibi, hii imeshafika Ifakara. Nikamwambia futa, ya Ifakara siyo kazi yako.

Digna anameza dawa. Careen anampelekea madaftari kila jioni. Wiki ya kwanza alikuwa anayaacha mlangoni. Juzi aliingizwa ndani. Digna amesema baada ya Pasaka atajaribu kurudi shule.

Mama yako.


Kidatu,
23 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Mvua huku imetufungia ndani siku tatu, hakuna kazi, ila tuko salama.

Nimesoma ya Nickolaus. Nakumbuka uliniambia, nakumbuka hata mahali. Nilimwambia na Careen mimi pia, mama, kwa hiyo usibebe peke yako.

Na la kwangu lingine. Krismasi nilikaa nyumbani siku nne. Nikijaribu kumkumbuka mwanangu siku zile, naona utosi wake, ameinamia simu mpya. Kisha nakumbuka kwamba nilikuwa nimeinamia yangu. Alinisimulia habari ya Digna siku zile, jinsi anavyoigiza walimu. Nilisema "eeh" bila kusikia.

Careen mwanangu, sina hasira na wewe. Nakuja Pasaka, nimeshaomba ruhusa. Namletea Digna sketi mpya ya shule. Mpime kwa kamba, unitumie kamba kwa Beno. Usimwambie ya nini.

Mwanao,
Edna.


Michenga,
18 Mei 2025

Mwanangu Edna,

Mwandiko huu ni wa katekista Alphonce. Careen leo hayupo kwenye kalamu, nitakuambia yuko wapi. Mimi ni mzima wa mwili. Nawe Mungu akuweke.

Pasaka walikunyima ruhusa, sikulaumu. Sketi Beno aliileta, ilimkaa Digna vizuri sana. Jumatatu shule ilipofunguliwa waliondoka hapa wameshikana mikono na Careen. Nilisimama barabarani nikawaangalia mpaka kona.

Shuleni hakuna aliyemtukana. Walimu walikuwa wameshasema. Ila saa ya kutoka, nje ya geti, watoto wa madarasa mengine walikuwa wanasubiri na simu zao zimeinuliwa. Walimfuata hivyo mpaka darajani, wanasubiri aanguke. Careen aliwatukana, akarusha mawe, wakamrekodi na yeye. Digna hakuanguka. Alitembea mpaka nyumbani, akavua sketi, akaikunja.

Hakurudi tena. Alimwambia baba yake mpunga umeiva, atakwenda kuamia ndege. Raimundi akafurahi kupata mtu wa kufukuza ndege, na Rosa akaona afadhali mtoto yuko nje kwenye upepo. Dawa alikuwa anapokea mkononi kila asubuhi na kunywa maji juu yake. Rosa alizikuta baadaye kwenye mfuko wa sweta, za siku tisa.

Jumatano, tarehe saba, Raimundi alitoka shambani mara moja kufuata chakula. Alimkuta kwenye jaruba la mpunga, uso chini. Maji yalikuwa hayafiki kwenye kifundo cha mguu.

Tulimzika Ijumaa. Careen alitembea nyuma ya jeneza na mimi, hakulia, na tangu siku hiyo hajasema neno nyumbani. Anachota maji, anafua, anakaa. Simu iko mezani, imezimika yenyewe kwa kukosa chaji na hakuna aliyeigusa.

Sasa sikiliza kilichonifanya nimwite katekista. Leo baada ya misa Rosa amekuja hapa. Amekaa kwenye kigoda kilekile. Akamwambia Careen, "Mwanangu, ile video. Sitaki kuona alivyoanguka. Nataka pale mwanzo anapomwigiza mwalimu. Sauti yake imeanza kunipotea."

Hawana picha yake, Edna. Hata moja. Wao ni watu wa kitochi kama mimi.

Careen akanyanyuka, akatoka mbio. Alipita nyumba zote zile, mashineni, kila mahali. Wote wamefuta. Si tulisimama milangoni mpaka wakafuta. Kazi ile tuliifanya vizuri. Najua ipo. Ipo Ifakara, labda ipo huko kwenu Kidatu, kwenye simu za watu wasiomjua hata jina. Kwa mama yake tu ndiyo haipo.

Amerudi saa nane, vumbi mpaka magotini. Rosa alikuwa bado amekaa. Careen akasimama mbele yake pale uani, nikafikiri anapiga magoti kuomba radhi tena. Akaanza kutembea. Anatembea kama yule mwalimu wa hesabu, kama Digna alivyomwigiza, tumbo mbele, chaki sikioni. Akasema maneno yake, na sauti aliyotumia siyo ya kwake.

Rosa akasema hapana, Digna bega la kulia alikuwa analipandisha. Careen akarudia.

Wako nje mpaka sasa. Katekista anaacha kuandika kila mara awaangalie, nami simgombi. Omba ruhusa, na wakikunyima njoo hivyohivyo. Rosa anamwambia arudie, na Careen anarudia.

Mama yako.