Mama Asiye na Maziwa

Thamesmead, London
8 Februari 2003

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai mguu umepata nafuu na mvua imewafikia huko Wundanyi. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Nimepata kazi ya Jumamosi, juu ya ile ya kutunza wazee. Mjomba Lawrence, yule wa Voi ninayesali naye, anauza watoto wa mbwa. Asubuhi anawaleta kwangu pamoja na mama yao, nawapanga sebuleni, wateja wanakuja, nawapa chai na kuwaandikia risiti. Jioni anamchukua mama na waliobaki. Anasema huku watu hupenda kununua nyumbani kwa mtu kuliko dukani. Ameniomba nivae sare yangu ya kazi, eti inaleta heshima.

Wewe uliyetibu mifugo miaka thelathini labda utanicheka, lakini kuna jambo linanikera. Kila Jumamosi watoto ni wengine, mara weupe, mara wa manyoya ya kujisokota, ila mama ni yule yule. Leo mmoja alijaribu kunyonya, mama akamng'ata. Mjomba akasema mbwa wa Ulaya wana madaha. Sikubisha. Ni mtu mzima, na ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege.

Leo pia alikuja mama Mhindi wa Wembley, Kalpana, mzaliwa wa Kisumu. Aliponisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu, machozi yalimlenga. Hakuuliza tena chochote. Alichukua kijibwa, akanikumbatia, akaenda.

Mwanao,
Adelina

Wundanyi
24 Februari 2003

Mwanangu Adelina,

Marahaba. Mguu bado, lakini natembea. Barua yako nimeisoma mara tatu na sijacheka hata kidogo.

Huyo si mama yao. Mtazame chuchu: kama hana maziwa, ameletwa kupamba sebule tu. Mama wenyewe wamefungiwa mahali usikoonyeshwa, wanazalishwa bila kupumzishwa mpaka wachakae, na watoto wanaondolewa kabla ya kuachishwa kunyonya. Hao huhara damu, na wengi hawamalizi wiki. Niliwahi kuona mambo hayo kwa nguruwe wa tajiri mmoja kule Taveta, na harufu yake sijaisahau.

Mwambie Lawrence akupeleke wanakozaliwa. Akikataa, usimfungulie mlango tena. Na hizo risiti, zina jina la nani?

Babako

Thamesmead
15 Machi 2003

Baba,

Shikamoo. Afya ninayo, amani sina.

Barua yako ilikuja imechelewa. Kalpana alikuwa amesharudi. Kijibwa chake kilikufa siku ya tano, mapajani pa binti yake. Hakunifokea. Alisema, "Ungekuwa Mwingereza ningekuuliza maswali. Wewe nilikuamini kwa sababu ya Kiswahili." Baba, nami ndivyo nilivyomwamini Lawrence.

Nilimkagua yule mbwa. Maziwa hana, na tumboni ana mshono juu ya mshono. Nilipomwomba Lawrence anipeleke kuona, alicheka, akanikumbusha kwamba risiti zote zina jina langu na anwani yangu, na kwamba viza yangu inaisha Juni. Kisha akafungua mlango wangu kwa ufunguo wake mwenyewe, akatoka. Mimi sijawahi kumpa ufunguo.

Kabla ya kutoka alisema mbwa huyu amechoka, Jumamosi ijayo ataleta mwingine. Nilimuuliza huyu atakwenda wapi, akaanza kuhesabu pesa zake. Basi nimemficha bafuni, na aliporudi jioni kumchukua nikamwambia ametoroka. Sidhani aliamini.

Niende kusema polisi, au ninyamaze mpaka Juni? Naogopa sana. Nasubiri neno lako.

Mwanao,
Adelina

Wundanyi
31 Machi 2003

Adelina mwanangu,

Sema. Usingoje Juni. Mbwa mpeleke kwa Kalpana, na ubadilishe kitasa leo hii.

Babako

Wundanyi
20 Julai 2003

Mwanangu,

U hali gani? Barua zangu tatu zimerudishwa, zimeandikwa kwamba hukai hapo tena.

Kalpana ameniandikia. Anwani yangu aliipata nyuma ya bahasha uliyomwachia. Anasema ulifika kwake Aprili, ukamkabidhi mbwa, ukamsomea barua yangu, ukaondoka na risiti zote kwenda polisi. Tangu hapo hajakuona. Polisi wanakiri ulifika, ukaandikisha maelezo, ukatoka kwa miguu yako. Lawrence hajapatikana.

Mbwa yuko salama, analala miguuni pa binti wa Kalpana. Kalpana ameapa hatanunua mbwa tena. Akitaka mwingine atakwenda kwenye makazi ya mbwa waliookolewa, ambako anayetaka mnyama ndiye anayehojiwa kabla ya kupewa. Sasa anawahimiza majirani wafanye vivyo hivyo.

Wiki iliyopita aliona tangazo dukani la watoto wa mbwa waliolelewa nyumbani. Alipopiga simu, msichana alimkaribisha kwa Kiswahili. Hakuwa wewe. Alipomuuliza kama anamjua Lawrence, simu ilikatwa.

Nilikwambia useme. Sikukuuliza kwanza kama una mahali pa kukimbilia. Nilikuwa na muda wa kufikiri, nikawaza mbwa na sheria, nikakusahau wewe.

Barua hii naituma kwa Kalpana, akutunzie. Niandikie hata mstari mmoja.

Babako