Mwanaima Dzombo wa Bongwe, Mwenye Picha za Wazee

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke asubuhi ile ya mvua, makuti uliyokuwa ukiyashona yakabaki ukumbini. Hatujayamaliza. Kila anayeyashika huyarudisha chini.

Ulikuwa mpole wa maneno, mwepesi wa kucheka. Mtoto wa jirani akija analia, ulimkalisha mkekani ukampa kipande cha muhogo, ndipo ukamwuliza kisa chake.

Picha zile ulizirithi kwa babako, Mzee Dzombo, aliyemchukulia Mzungu mmoja masanduku ya kamera kabla ya vita vya kwanza vya dunia, wakipita vijiji vya Kwale mpaka Msambweni. Mzungu aliporudi kwao alimwachia fungu la picha: wanawake wakitwanga, wazee ngomani, ng'ombe wakinyweshwa. Babu akakufundisha jina la kila aliyemo, nawe ukayashika moyoni. Alasiri ulizitandaza mkekani ukiwaamkia mmoja mmoja, "Shikamoo, bibi," nasi utotoni tuliona kama wanaitika.

Bwana mmoja wa hoteli ya Diani alizitaka azitundike ukutani. Ulimpa dafu akanywa, kisha ukamwambia, "Hawa wana watoto, bwanangu. Wakitundikwa, watundikwe kwao."

Bendera yetu ilipopandishwa ukasema sasa kila mtu apate chake. Ukaanza safari zako, Tiwi, Kwale, hata bara kwenye ukavu, picha umeifunga ndani ya kanga. Wengi walikupokea kwa machozi. Mmoja alikufungia mlango, akasema wafu hawafukuliwi. Siku hiyo ulirudi unacheka, lakini chakula hukukigusa.

Safari ya mwisho ilikuwa ya Msambweni, kwa Bi Kache, ambaye mamake alikufa akimzaa. Mwanasha, bintiyo, ndiye uliyekwenda naye. Mlimkuta amekaa barazani, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho.

"Nimekuletea Mbodze, mamako," ukamwambia, ukamwekea picha mapajani.

Bi Kache akaipapasa. "Umechelewa, dada. Macho yangu yameshakwenda."

"Basi tumia yangu."

Ukamweleza polepole. Mamake amesimama kando ya kinu, amevaa hando, ile sketi ya marinda ya wazee wetu, shanga zimemjaa shingoni. Kichwa amekigeuza kidogo, kama aliyesikia anaitwa.

"Usinifiche," Bi Kache akasema. "Nimelelewa nikiambiwa nilimjia na kisirani, kwamba tangu niingie tumboni mwake hakuona siku njema. Uso wake ukoje?"

Mwanasha anasema uliitazama picha ile kana kwamba ndiyo kwanza unaiona.

"Anacheka," ukamjibu. "Na tumbo limetangulia. Mkono mmoja kashika mchi, wa pili kauweka juu yako."

Bi Kache akaipapasa tena picha, safari hii polepole.

"Kumbe nami nimo," akasema, akailaza picha shavuni. Chai ikaletwa, ikapoa, hakuna aliyeigusa.

Njia nzima ya kurudi ulikuwa ukitazama minazi inavyopita, ukitabasamu peke yako, na Mwanasha hakutaka kukuamsha katika ndoto hiyo. Haukupita muda, ukaugua, ukatutoka.

Bi Kache alikuja matangani akiongozwa na mwanawe, akakaa nasi mpaka matanga yakaondolewa, kama aliyefiwa na nduguye. Sasa tunamwita mama mdogo. Idi iliyopita alilala kwetu, akawasimulia wajukuu zako habari za mamake aliyekuwa akicheka, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiye na deni na mtu.

Picha zilizobaki, Mama, majina yake ulituachia. Tutawafikisha kwao.

Unakumbukwa na mumeo Suleiman Boga, dadako Mwanarusi, wanao Mwanasha, Mwinga na Mwanapili, wakaza wanao, wajukuu, na majirani wote wa Bongwe. Mola akulaze pema. Nyumbani humu jina lako halitakoma kutajwa, leo na daima.