Magadi Yaliyokula Vyuma vya Jikoni

Baba Wangeci, mtoto alikuwa anasema kweli! Magadi yanakula chuma! Wazungu wa Uingereza wamempigia makofi kwa jambo lile lile ulilomchapia. Nimekaa na barua yake magotini.

Sasa salamu, mume wangu, huko ulikolala. Sisi wa Kiganjo tuko.

Wangeci wetu ni injinia wa vyuma. Mimi niliyeishia darasa la tatu nimezaa injinia! Anasema kuna mitambo ya kuzalisha stima yenye mapanga kama ya feni, yanayozungushwa na hewa ya moto kushinda moto wowote uliowahi kuwasha. Ikiwa karibu na bahari, inavuta chumvi ya upepo, ndugu wa magadi. Chumvi ikikutana na salfa ya mafuta, inayeyuka juu ya mapanga na kutafuna ile ngozi inayokinga chuma. Yeye na wenzake wamechanganya chuma chenye kromiamu nyingi, kikavumilia. Nimewasomea majirani wote. Hata makurutu wa chuo cha polisi cha hapa nimewasimamisha barabarani, wakasikiliza wima kama wako gwaride.

Unakumbuka vile vyuma vinne ulivyotuwekea juu ya moto, chini ya sufuria ya githeri, mahindi yetu na maharagwe? Fundi chuma mzima, ukajisifu vitapikia wajukuu. Mwaka haukuisha, vikameguka kama mandazi ya juzi. Ukamgeukia mtoto wa miaka kumi na miwili.

"Umevibadilisha na vyuma vikuukuu!"

"Hapana, baba. Ni magadi. Pale githeri inapofurikia ndipo chuma inaisha."

"Ati nini? Wewe unifunze chuma, mimi?"

Tangu fimbo ile hukumwita tena "maitu", mama yangu, naye amebeba jina la mama yako mzazi. Ukafa hujamwita.

Na mimi, Baba Wangeci? Aliyetia magadi kiganja kizima ili maharagwe yalainike haraka ni mimi. Nilikuwa naona vyuma vikiliwa upande ule ule kila siku. Niliogopa hasira yako, nikaacha mtoto alie peke yake. Barua yake haijanilaumu hata neno moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Anarudi nyumbani. Kaka yako mkubwa amekubali kumtemea mate ya baraka kwa niaba yako. Lakini kabla hajafungua mdomo, nitasimama mimi niseme niliyonyamazia, ukoo wote ukisikia, mtoto akinitazama. Unisamehe nikikutaja.

Nimewaita wote, wako na wangu. Ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi.

Mama Wangeci, mke wako