Emérithe Hakuhamia kwa Mzee Protais

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, kusini mwa Stockholm, 19 Mei 2011

Jina: Elvire Kahindo
Umri: Miaka 44
Kazi: Dereva wa basi
Makazi: Fittja
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani Noah Kulwa

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Kiswidi ninacho cha kutosha kugombana na abiria, lakini hapa pana jina la mtu, kwa hiyo nimeomba Kiswahili.

Mnamo Jumamosi tarehe 12 Machi 2011, yapata saa nane mchana, nilikuwa maktabani Fittja nikingoja kompyuta. Siku hizi serikali inataka kila jambo lifanywe mtandaoni, na wengi wetu hatuna kompyuta nyumbani. Mlango wetu wa serikali umekuwa maktaba. Mkutubi husaidia watu, lakini ni mmoja nasi ni wengi, na wakati huo alikuwa upande wa pili na mama mwenye mapacha.

Kwenye kompyuta alikuwa Emérithe, rafiki yangu ninayesali naye. Alikuwa ameingia kwenye tovuti ya ofisi ya kodi, ile inayoandikisha wakazi, kwa utambulisho wake wa benki na namba yake ya siri. Alitaka cheti cha makazi kwa ajili ya mumewe Félix, aliye Bujumbura na anayeomba kuja kuishi naye.

Akaingia Mzee Protais, mzee wa kanisa letu, ambaye mkewe alifariki. Alikuwa amehama Märsta kuja Fittja na alitaka kuandikisha anwani mpya. Emérithe akasimama.

"Keti, Baba."

"Hapana mwanangu, maliza kwanza."

"Nitamaliza baadaye."

Mimi niliyekuwa nafuata kwenye foleni nilikasirika, lakini ningesema nini mbele ya mzee?

Hapa mkalimani amesema kwa Kiswidi kwamba Emérithe "aliiacha" kompyuta. Sikubali. Anayeacha ni mzembe. Emérithe alimpisha mkubwa. Kama Kiswidi hakina neno hilo, andikeni Kiswahili.

Mzee hakuwa na miwani. Emérithe akainama, akamfungulia ukurasa wa kuhama, Mzee akamtajia mtaa na namba ya nyumba. Jina la Emérithe lilikuwa bado juu ya ukurasa. Hakuna aliyelitazama, hata mimi, maana nilikuwa natazama saa. Kompyuta ilipodai namba ya siri, Emérithe aliandika yake. Alidhani ni kama ufunguo wa choo cha maktaba, mwenye nao humfungulia mwenzake. Ukurasa ukaandika asante.

Mzee akacheka. "Wamenishukuru! Nimehamishwa kambi tatu, sijawahi kushukuriwa."

Mwezi wa Aprili, wanaoshughulikia ombi la Félix walikuta ni Emérithe aliyeandikishwa kuhama, wakamuuliza kwa nini anaishi kwenye chumba kilichopangwa na mzee aliyefiwa na mke. Aliogopa sana. Akaja kwenu akasema jina lake limeibwa. Ninyi mkafuata anwani, mkamkuta Mzee. Nimesikia kwamba Emérithe anawaambia hakumbuki chochote.

Mzee Protais ana miaka sabini na mmoja na anangoja uraia. Kesi ikiwa juu yake, uraia unasimama. Hakuiba jina. Hata hakujua kwamba jina lake mwenyewe halikuingia, limeingia la Emérithe. Inaniuma kumwona akipita kanisani kwa mlango wa nyuma.

Jana Emérithe alikuja kwangu. Alisema, "Dada Elvire, sema hukuona. Nikikubali, Félix hatakuja." Nilimjibu kwamba nampenda, na Félix hata mimi namngojea, lakini uongo huu utamzika mzee wa watu kabla ya siku zake. Akalia. Nami nililia, kisha nikampikia chai, hakuinywa.

Leo asubuhi nilimpigia simu nikamwambia nitakuwa hapa. Akakata simu. Sijui kama atakuja.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Saini: E. Kahindo

Maelezo ya mpelelezi: Nimeandika haya mimi, M. Lindmark. Shahidi amesomewa kwa Kiswahili, akayakubali na kutia saini mbele yangu. Tulipofungua mlango, Bi Emérithe alikuwa amesimama ukumbini, koti bado mwilini. Alisema kwa Kiswidi, bila mkalimani: "Namba ile niliiandika mimi."