Kompyuta za Baba Hazikuwa Feki

Baba,

Ulitufundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, kwa hivyo nitakupa yangu: si nzuri. Nimekaa dukani hapa Kibwezi, saa nne asubuhi, hakuna mteja, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nimeshika kalamu nikuandikie. Miaka mitatu imepita. Kilichonisukuma ni simu ya juzi kutoka shuleni kwako Ikutha, lakini nitafika hapo. Wacha kwanza nikupe habari, maana wewe ungeuliza habari kabla hujauliza watoto wamekula nini.

Yule mdogo amerudi, Baba.

Ndivyo ulivyokuwa ukiiita ile kampuni, kana kwamba ni mtoto wa jirani. Mama alidhani kwa muda mrefu kwamba unazungumza juu ya mwanafunzi wako wa fizikia, mpaka siku alipokuuliza kama yule mdogo amelipiwa karo. Ulicheka hadi ukatoa miwani. Ukamweleza kwamba ndani ya kila kompyuta kuna chipu inayofikiri, inaitwa prosesa, na kwamba duniani wanaozitengeneza za namna hii ni kama wawili tu: mkubwa ambaye kila mtu anamjua, na mdogo ambaye kila mtu anamcheka.

Uliifuata kampuni hiyo kama wanaume wengine wanavyofuata mpira. Walipouza ofisi zao wakabaki humo humo kama wapangaji, ulikaa mezani mpaka chai ikapoa. Watu wote walisema imekwisha. Wewe ukasema, "Ngojeni. Wanachora kitu kipya kutoka mwanzo." Tulingoja kwa sababu wewe ndiye baba. Hakuna aliyeamini.

Sasa ungekuja ukae hapa nami siku moja tu. Vijana wanaingia na kugeuza laptopu wakitafuta stika ya yule mdogo. Juzi mmoja aliniambia, "Madam, hizo zingine wacha. Nataka ile ya nguvu, ile haichemki." Nilimfungia mzigo wake, nikasahau kumrudishia chenji mpaka akaniita. Yule mkubwa ndiye anayefuta watu kazi siku hizi na kueleza kwa nini chipu zake mpya zimechelewa. Kila ulichosema kimekuwa, na mimi kila nikikisoma nafunga ukurasa.

Nakumbuka mwaka ule wa mbuzi. Shule haikuwa na maabara ya kompyuta, na wazazi wakakubaliana kila nyumba itoe mbuzi mmoja, wauzwe soko la Ikutha. Vumbi lilivyokuwa siku ile! Ulisimama langoni na daftari, ukimshukuru kila mama kwa jina lake. Ukakabidhiwa kazi ya kununua, kwa kuwa wewe ndiye mwalimu wa fizikia na ndiye uliyewaomba. Watu walitarajia kompyuta ishirini. Uliporudi na thelathini, uliamini watakubeba mabegani.

Hukuwafikiria watu wetu vizuri, Baba, na hapo ndipo ulipokosea. Sisi ni wa mifugo. Mnyama akiingia sokoni na alama ya ukoo usioujua, unauliza katoka wapi kabla ya kuuliza bei. Wazazi walikuja kuziona kompyuta kama wanavyokuja kuona ng'ombe. Wakainama, wakatafuta ile stika waliyoizoea, ile iliyoko kwa chifu, benki na hospitalini. Hawakuiona. Waliona alama nyingine, ya ukoo mwingine, na zimezidi kumi kwa pesa zile zile. Kabla ya jua kwenda upande wa pili, soko zima lilikuwa linasema Mwalimu ameleta feki na kula mbuzi zetu.

Mkutano uliitwa Jumamosi. Nilikuwa nimetoka Malili, kwenye lile duka la kompyuta nilikoajiriwa kabla ya kufungua langu, na nilikuja kukuunga mkono, hivyo ndivyo nilivyomwambia Mama asubuhi ile. Uliwaeleza kwa utulivu kwamba prosesa hizi ni za kizazi kipya, kwamba zile za zamani ni kweli zilikuwa zinachemka lakini hizi sivyo, na kwamba kwa kuchagua yule mdogo watoto kumi zaidi watakaa kwenye mashine. Mtu mmoja nyuma akauliza mbuzi wake alikaa kwenye mashine gani. Watu wakacheka.

Halafu mwenyekiti wa bodi akageuka akaniona. "Mwalimu ni babako, sawa," akasema. "Lakini wewe ni mtu ya kompyuta. Tuambie ukweli, hizi ni original ama ni feki?"

Nilisimama. Watu wote wakanigeukia, na wewe ulinitazama ukitabasamu kidogo, kama ulivyokuwa ukifanya nikiitwa ubaoni darasani kwako. Nikasema, "Si feki. Lakini ingekuwa mimi, singenunua hizo."

Maneno hayo tu. Yalitosha. Walikunyang'anya ufunguo wa maabara Jumatatu. Kanisani wakakuomba upumzike kidogo uzee wa kanisa, mpaka mambo yatulie, na mambo hayakutulia. Njiani kurudi nyumbani siku ile sikuwa na pa kutazama. Ulinigusa bega ukasema, "Umesema unachojua, Mumbua. Hivyo ndivyo nilivyokulea."

Baba, sikusema ninachojua.

Wiki ile ile, pale Malili, bosi alikuwa ameletewa moja ya hizo mpya. Nilikuwa nimeiweka kando ya ile ya mkubwa, nikazipa kazi moja, mchana mzima. Ya yule mdogo ilimaliza kwanza, tena si kwa kidogo. Niliirudia nikidhani nimekosea. Ikamaliza kwanza tena. Nilijua. Niliposimama mbele ya watu wale nilijua uko sahihi, na pengine mkutano mzima tulikuwa wawili tu tunaojua. Lakini ndio kwanza nilikuwa nimeanza kuitwa fundi, niliona wale wazazi wote wamekukunjia uso, na nikaogopa kuzama nawe. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta miaka yote hii, ningefurahi kuipata.

Ungekasirika ningepona. Wewe ulianza kujishuku. Mtu aliyesimama na yule mdogo wakati dunia nzima inamcheka, nilimwangusha kwa sentensi moja kwa sababu aliniamini. Uliacha kusoma habari za kampuni hiyo. Nikija nyumbani na magazeti ulikuwa unaruka ukurasa huo, na Mama akanikonyeza nisiulize. Na yule mdogo alikuwa ameshaanza kupanda wakati huo huo, mwezi baada ya mwezi! Ningeweza kukuambia. Nilikuwa nakuja kila mwisho wa mwezi na sukari na unga, nakaa, naondoka.

Halafu hospitalini Kitui. Mdomo ulikuwa umepinda kwa ule ugonjwa wa kupooza, na maneno yalikuwa yanakutoka moja moja. Uliniuliza kama zile kompyuta zilikuwa mbaya. Ukasema, "Labda niliwapotosha watu." Nami nikakufunika shuka vizuri nikakuambia upumzike. Hilo ndilo jibu nililokupa. Siku ya tatu ukaenda nalo.

Sasa ile simu. Ni mwalimu mkuu mpya, mama mmoja kutoka Murang'a, hajui lolote la zamani. Wamepata msaada wa maabara ya pili, na bodi imepitisha wanunue zenye prosesa kama za zile za kwanza, kwa sababu zile za kwanza, thelathini zote isipokuwa mbili, bado zinawaka. Kwenye joto lile la Ikutha, na vumbi lile. Aliniambia kana kwamba ananipa habari njema. Akauliza ni nani aliyezichagua, akisema alikuwa na jicho. Wanataka niwe mgeni wa heshima siku ya kufungua, niseme maneno machache, mimi mtaalamu, binti wa hapo. Nilisema mtandao ni mbaya, nikakata simu.

Nimewaza kutokwenda. Nimewaza pia kwenda na kukusifu, nilie kidogo, watu wapige makofi, na iishe. Ingekuwa rahisi sana na wangeniandalia chakula. Mwenyekiti yule alishakufa. Wengi waliocheka wamehamia Mombasa au wamezeeka, hawakumbuki. Waliobaki watasema tu kwamba Mwalimu alikuwa mtu mzuri, kama wanavyosema kwa kila aliyezikwa. Hata nikiwaambia, wewe hutajua. Naandika karatasi ambayo hakuna posta itakayoifikisha, na nakwambia wazi sioni kama inasaidia kitu.

Lakini Mama yupo. Mama ameishi miaka hii yote akiamini kwamba mumewe alikosea na binti yake alikuwa mkweli, na amekusamehe kwa hilo. Nilimsikia mwaka jana akiomba, akimshukuru Mungu kwamba angalau mmoja wetu alisema ukweli siku ile. Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka akamaliza.

Basi nakuahidi, Baba. Siku ya kufungua nitasimama mbele ya wazazi na nitasema nilichokijua na nilichokificha, kwa jina lako na jina langu. Kabla ya hapo, Jumamosi hii, nitapanda gari niende nyumbani, nikae jikoni na Mama, nimwambie yeye kwanza. Nadhani hatanisamehe. Nadhani ataniuliza kwa nini sikukuambia ulipouliza.

Lala salama, Mwalimu. Ulikuwa sahihi, na nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chako nikilijua hilo.

Mwanao,
Mumbua