Bega la Kushoto

4 Februari

Shikamoo Baba,

Miguu inasemaje? Mimi mzima, ila nimechoka mpaka kope.

Kule tunakotengenezea gemu nimepewa adui wa mwisho, mlinzi wa lango. Walisema wanataka pambano gumu, basi nikamwongezea uhai mara mbili, nikampa wasaidizi watatu, na ngumi za ghafla kufumba na kufumbua. Tukaita watu kumi waje kujaribu. Mmoja alisinzia padi ya kuchezea ikiwa mkononi. Mkuu wetu akasema, "Huyu si mgumu. Huyu anachosha." Nisipomrekebisha kufikia mwisho wa Machi, pambano anapewa mwenzangu.

Wewe umefundisha ndondi miaka thelathini. Mpinzani mgumu ni yupi? Najua miaka minane hatujazungumza zaidi ya salamu. Lakini sina mwingine wa kumuuliza.

Binti yako

15 Februari

Marahaba mama,

Miguu ipo, inanibeba kwa hisani yake tu.

Gunia la mazoezi ukilipiga kutwa utachoka, lakini halijakushinda. Hilo ndilo ulilotengeneza. Na anayekupiga kwa ngumi usiyoweza kuiona, huyo mwizi tu. Mgumu ni yule ambaye ngumi yake unaiona inakuja, una njia tatu za kuikwepa, na hofu inakuchagulia ile mbaya. Ukianguka unajikasirikia mwenyewe, ndiyo maana kesho unarudi. Akikuachia upenyo, uwe wa pigo moja. Ukitamani la pili, akulipe palepale.

Macho ulikuwa nayo tangu utotoni. Moyo ndio uliokosa. Siku ile ya mchujo, nilipokupima mwenyewe ulingoni, ulisimama mbele yangu mikono chini, nikampa mwingine nafasi yako ya mashindano. Tuyaache hayo.

Baba yako

20 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo. Nimewaondoa wasaidizi, nimepunguza uhai nusu. Sasa kila pigo lake lina dalili, na dalili haidanganyi. Mkuu alianguka mara thelathini, akajitukana mwenyewe, akakataa kuinuka kwenye kiti. Pambano limebaki langu!

Nimemtumia dada gemu, akufungie kwenye televisheni. Ukiona kasoro niambie.

Binti yako

2 Mei

Shikamoo Baba,

Wiki sita kimya. Dada anasema unacheza kila ukishakula mchana na humwachii mtu padi. Je, nimekosea wapi? Hata ukinigombeza, andika.

Binti yako

9 Mei

Marahaba mama,

Sijaumwa. Vidole vizito tu, nimeanguka zaidi ya mara mia. Juzi ndipo nikaona: kabla ya ngumi ya kulia, bega la kushoto la yule mlinzi linashuka.

Nikaenda chumbani, nikasimama mbele ya kioo, nikarusha ya kulia. Bega likashuka. Nimewapigia kelele vijana miaka yote hiyo wafiche mabega, kumbe nyani haoni kundule. Wenzangu wote walikaa kimya, au hawakujua.

Siku ile ya mchujo, uliliona?

Baba yako

11 Mei

Shikamoo Baba,

Niliona. Nililijua tangu nina miaka kumi na tano. Upenyo ulikuwa wazi na ngumi yangu ilikuwa tayari. Lakini wanafunzi wako wote walikuwa wamezunguka ulingo. Ningekuangusha mbele yao, Baba, na wewe ulikuwa umeshaanza kuchoka. Nikashusha mikono. Ukaniita mwoga, nikakuacha uamini hivyo.

Nilipotafuta dalili isiyodanganya, sikuwa na nyingine ninayoijua vizuri kama hiyo.

Binti yako

20 Mei

Marahaba mama,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimekaa chini.

Leo nimemfikisha yule mlinzi kwenye uhai kidogo kabisa, umebaki kama ukucha. Bega likashuka. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikamtazama, mzee wa watu amechoka, na sikubonyeza. Akanitandika. Dada yako akanicheka, eti nimesinzia.

Sikusinzia. Nilitaka kujua ulisimamaje pale. Ni kazi ngumu kuliko ngumi yoyote niliyowahi kufundisha, nami nilikuadhibu kwa ajili yake. Nafasi ile ilikuwa yako. Nisamehe mama.

Usilirekebishe bega. Nikipata nguvu kesho nitampiga, kwa sababu hata wewe ulipaswa kunipiga.

Baba yako